Vyumba Vitatu vya Roshani: Tathmini ya Mahali pa Kulala katika Meli ya Kitalii

Anayelipia chumba chenye roshani katika meli ya kitalii huonyeshwa kwanza picha ya kitanda kilichotandikwa vizuri, viti viwili vya nje na bahari ya buluu isiyo na wimbi, na picha hiyo ni ile ile kwa vyumba vyote vya daraja hilo, kuanzia kilichopo omo, yaani mbele ya meli, hadi kilichopo tezi, yaani nyuma yake. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya biashara hii. Vyumba vinavyouzwa kwa jina moja, na mara nyingi kwa bei zinazokaribiana, hutofautiana mno kwa usingizi, kwa mandhari na kwa utulivu wa tumbo, na tofauti hiyo haitokani na samani wala ukubwa wa chumba bali na mahali kilipo ndani ya meli. Tathmini hii inahusu mahali hapo tu. Chakula, maonyesho ya jioni na mabwawa ya kuogelea nawaachia wengine.

Naiandika nikiwalenga wenzangu wa Mtwara na Lindi ambao, minada ya korosho ikishapita na madeni yakishalipwa, huanza kuulizia safari za meli zinazoondokea Afrika Kusini. Kalenda inawapendelea, kwa sababu msimu wa safari hizo katika bandari ya Durban huanza takribani Novemba na kumalizika Aprili, wakati ambao huku kwetu kaskazi inavuma na mifuko bado haijawa mitupu. Zipo safari fupi za siku nne au tano zinazopanda hadi Portuguese Island, kisiwa kidogo cha mchanga kilicho jirani na Inhaca kwenye Ghuba ya Maputo, na zipo ndefu zinazoendelea na pwani ya Msumbiji au kukata kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi. Familia yetu ilichukua vyumba vitatu katika safari ya pwani ya Msumbiji: mimi na mama yetu chumba kimoja, dada yangu mkubwa na shemeji cha pili, na mdogo wetu wa mwisho na mkewe cha tatu. Vyote viliandikwa kwenye tiketi kuwa ni vya roshani. Meli na wakala sitawataja, kwa kuwa karibu yote nitakayoyaeleza yamo katika meli nyingi za ukubwa huo, na yanatokana na umbo lake zaidi kuliko na uzembe wa mtu.

Mtu wa Mtwara hanunui kiwanja kwa kutazama hati pekee. Hufika, akauliza jirani wa kulia ni nani, nyuma kuna nini, na maji ya mvua hupita wapi. Chumba cha meli hununuliwa kwa akili hiyo hiyo, isipokuwa badala ya kufika eneo la tukio, mnunuzi hutazama ramani za sitaha. Kila kampuni huzitoa bure kwenye tovuti yake, sitaha moja moja, zikiwa na nambari ya kila chumba, na mtu yeyote anaweza kuzichapisha steshenari kwa gharama ndogo. Tatizo ni kwamba ramani hizo huchorwa kila sitaha peke yake, na msomaji asipojua huishia kutazama majirani wa kulia na wa kushoto akasahau wa juu na wa chini, ambao ndio wanaosumbua zaidi. Zinatakiwa kuwekwa moja juu ya nyingine, omo kwa omo na lifti kwa lifti, kisha zinyanyuliwe dirishani ili mwanga upite. Hapo ndipo mtu huona kwamba juu ya kitanda atakachokilipia kuna jiko.

Sisi tulizipeleka ramani hizo Mikindani kwa mjomba, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi kabla macho hayajamchosha. Mama alitaka kaka yake aseme neno kabla pesa hazijatoka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiki ndicho chombo chenyewe? Mbona kina ghorofa kama hospitali?"

Alizigeuza karatasi juu ya meza hadi omo ikaelekea baharini, ndipo akakubali kuzisoma. Hakuuliza bei wala daraja. Aliuliza kwanza injini zimekaa wapi, pili mashua za kuokolea zimening'inizwa sitaha ya ngapi, tatu safari itafanyika upepo gani. Kisha akaweka kidole katikati ya ubavu, chini kidogo ya nusu ya kimo cha meli, akasema kwamba mama alazwe hapo au abaki nyumbani. Aliongeza ule usemi wa mabaharia wetu, tezi na omo marejeo ni ngamani, akacheka, kwa sababu kwenye meli ile ngama yenyewe, sehemu ya ndani chini ya chombo, ilikuwa imewekwa mgahawa.

Ushauri wake una sababu za wazi. Meli inayokutana na mawimbi ya mbele huinuka omo huku tezi ikizama, kisha hubadilishana, na mhimili wa mwendo huo uko karibu na katikati. Anayelala kwenye ncha yoyote kati ya hizo mbili hupanda na kushuka mita kadhaa wakati aliye katikati husikia mtikisiko mdogo tu. Mwendo wa kuyumba ubavuni nao huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu. Meli kubwa zina mapezi chini ya maji, kila ubavu, yanayopunguza kuyumba huko, lakini hayasaidii sana kuinama kwa omo na tezi, na yale ya kawaida huhitaji mwendo wa meli ili yafanye kazi, kwa hiyo ikiwa imetia nanga mbele ya kisiwa huku mawimbi mapana yakija kwa ubavu, wa sitaha za juu huona taa za dari zikicheza. Wazee wetu waliosafiri kwa meli kwenda Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003 hawahitaji kufundishwa haya.

Bahari ya kusini ina jambo lake la ziada. Nje ya Durban hupita mkondo wa Agulhas unaoteremka kuelekea kusini magharibi, na upepo wa kusini magharibi unapovuma kuupinga, mawimbi husimama, yakawa mafupi na makali kuliko yale tuliyoyazoea sisi wakati wa kusi. Tena msimu wa safari hizo ndio msimu wa vimbunga katika Mlango wa Msumbiji. Mtwara haijasahau Aprili 2019, watu walipoambiwa wahame maeneo ya mabondeni kwa sababu ya Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Nahodha wa meli ya kitalii ana mamlaka ya kuruka kisiwa au kubadili njia hali ya bahari ikimtia shaka, na mikataba ya tiketi humpa haki hiyo bila fidia ya maana kwa abiria. Siku ya namna hiyo abiria hubaki melini kutwa nzima, na chumba chake ndicho kinachogeuka kuwa safari yenyewe.

Sasa vyumba. Naanza na cha dada, kwa kuwa ndicho kilichokuwa cha juu zaidi na ndicho wakala alichokisifu kuliko vyote. Kilikuwa katikati ya meli, kioo safi, mandhari isiyozibwa na chochote, sitaha moja tu chini ya ile ya bwawa la kuogelea, na dada aliambiwa kwamba ukaribu huo ni faida kwake, atapanda ngazi moja tu na kufika. Ngazi moja ni kweli. Lakini viti vya kulalia kando ya bwawa havikai pale pale usiku kucha: wafanyakazi huvikusanya abiria wakishalala, huosha sitaha kwa maji ya mpira na brashi, kisha kabla ya alfajiri huvirudisha kimoja kimoja kwa kuviburuta, na miguu yake ya chuma ikipita juu ya sitaha hutoa ndani ya chumba cha chini sauti ya mtu anayevuta kabati juu ya sakafu ya saruji, hasimami, hachoki, wala haombi radhi. Shemeji, ambaye ana usingizi wa kupigiwa ngoma, hakusikia. Dada alisikia kila kiti. Alipolalamika mapokezi alijibiwa kwa adabu kubwa kwamba sitaha ni lazima ioshwe, jambo ambalo ni kweli, na kwamba meli imejaa, jambo ambalo nalo lilikuwa kweli.

Kutokana na chumba hicho naweza kusema bila kusita kwamba sharti la kwanza la chumba kizuri ni kuwa na vyumba juu yake na vyumba chini yake. Juu ya kichwa pasiwe na bwawa, mgahawa wa kujihudumia, ukumbi wa mazoezi, njia ya kukimbilia wala chumba cha watoto. Chini ya miguu pasiwe na ukumbi wa maonyesho, baa yenye muziki wala disko, kwa sababu ngoma nzito hupenya chuma hata pale sauti ya mwimbaji inapozuiwa. Zaidi ya hayo zitazamwe zile sehemu nyeupe za ramani zisizo na jina lolote. Hazimaanishi kwamba hapana kitu. Mara nyingi ni stoo za wahudumu, lifti za mizigo au vyumba vya mashine, mahali ambapo vikombe hugongana na milango hufungwa kwa nguvu kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Alama ndogo ya pembetatu au mshale kati ya vyumba viwili kwa kawaida huonyesha mlango wa ndani unaoviunganisha. Ni mzuri kwa familia yenye watoto, lakini kwa wasiojuana ni mlango mwembamba unaopitisha kikohozi, simu na ugomvi wa jirani. Kuhusu lifti watu huogopa kupita kiasi. Chumba kilicho milango michache kutoka kwenye ngazi hakisikii sana makelele, na kwa mzee mwenye magoti mabovu hatua hizo zinazopungua ni neema, maana ujia wa meli ya karibu mita mia tatu ni mrefu sana kwa anayesahau miwani yake chumbani.

Chumba cha mdogo wetu kilikuwa tezi kabisa, kikitazama nyuma. Niseme haki: ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote kwa macho. Roshani za nyuma katika meli nyingi ni pana kuliko za ubavuni, upepo wa mwendo hauzifikii kwa nguvu kwa sababu mwili mzima wa meli umeukinga, na mbele ya mtu hakuna kingine ila njia nyeupe ya povu inayonyooka hadi bahari inapokutana na mbingu. Bibi na bwana harusi wale hawakutoka nje ya chumba isipokuwa kwa chakula, na hatukuwauliza. Hata hivyo chumba hicho kina gharama zake. Rafadha, yaani panga zinazoisukuma meli, zipo chini yake, na kila meli ilipokuwa ikiingia au kutoka bandarini, mashine zikibadilishwa mwendo, glasi zilizokuwa bafuni zilianza kulia zenyewe juu ya rafu mpaka shemeji yangu mdogo akazifunga ndani ya taulo. Asubuhi fulani viti vyao vilikuwa na vumbi jeusi la bomba la moshi, kwa kuwa upepo ulikuwa umevuma kutoka mbele. Aidha umbo la nyuma la meli nyingi limejengwa kama ngazi, kila sitaha ikijitokeza zaidi kidogo kuliko ya juu yake, hivyo aliye juu huona vizuri kabisa anayekunywa chai chini, na mwanamke anayetaka kukaa na kanga yake bila ushungi afikirie mara mbili kabla ya kuchagua sehemu hiyo.

Omo hatukulala, lakini tulikula meza moja na wazee wawili wa Durban waliokuwa huko, na nilikaribishwa kuona. Upepo wa mwendo uliusukuma mlango wa roshani hata ukawa hauna faida kuufungua meli ikiwa njiani. Meli ilipokaribia gati, rafadha ndogo zilizomo ndani ya omo, zile zinazoisukuma meli kwa ubavu, zilinguruma chini ya sakafu yao, na mnyororo wa nanga uliposhushwa mbele ya kisiwa hapakuwa na haja ya saa ya kuamshia. Wenye vyumba vinavyotazama mbele moja kwa moja, chini ya daraja la nahodha, yaani chumba cha kuongozea meli, huombwa pia wafunge mapazia usiku, ili mwanga wao usiwasumbue walio zamu ya kuongoza meli. Bei ya omo mara nyingi huwa nafuu kidogo, na nafuu hiyo imestahili.

Chumba chetu na mama kilikuwa pale pale kidole cha mjomba kilipotua, au jirani yake sana, na sina haja ya kukisimulia kwa urefu kwa sababu hakikutupa la kusimulia. Tulilala. Kilichohitaji uangalifu katika kukichagua ni mashua za kuokolea, ambazo katika meli nyingi huning'inia ubavuni kwenye sitaha za chini na za kati, sehemu ile ile ambayo bahari huwa tulivu kwa mlalaji. Chumba kilicho nyuma ya mashua huuzwa kwa maelezo kwamba mandhari yake imezibwa, na bei hupunguzwa. Chumba kilicho sitaha moja juu yake hakiandikwi hivyo, lakini anayesimama kwenye ukingo na kutazama chini huona mapaa ya rangi ya chungwa badala ya maji, na pale kisiwani, mashua zinaposhushwa kupeleka abiria ufukweni, husikia mashine za kuzishushia tangu asubuhi. Tulipanda sitaha mbili juu ya mashua, tukakomea hapo. Pia kuna suala la ukingo wenyewe. Roshani za sitaha za chini hujengwa mara nyingine kwa ukuta mzima wa chuma badala ya kioo, na mtu mfupi akikaa kwenye kiti, kama mama yetu, haoni chochote ila rangi nyeupe. Picha za tangazo hazionyeshi hilo kamwe, kwa kuwa hupigwa mpigaji akiwa amesimama.

Roshani yenyewe ilikuwa ndogo. Viti viwili na meza ya kuwekea vikombe viliijaza, na mama alipotaka kutandika mkeka wa kuswalia nje ilibidi kiti kimoja kiingizwe ndani. Hapa pana jambo ambalo wakala hataliwaza na msafiri wetu ataliuliza: kibla. Pwani kati ya Durban na Ghuba ya Maputo inapanda kaskazini ikielekea mashariki kidogo, na Makka kutoka huko iko karibu kaskazini kabisa. Kwa hiyo meli inapopanda, kibla huwa karibu na ilipo omo, na inaporudi huwa karibu na tezi. Mwenye chumba cha ubavuni haelekei bahari wala mlango, bali ukuta wa jirani wa mbele au wa nyuma kulingana na safari. Meli ikitia nanga huzunguka kwa upepo na mkondo, na hapo hakuna ujanja ila dira ya simu kila wakati wa swala.

Hilo hilo ndilo jibu kwa wanaouliza ubavu upi ni bora, wa kulia au wa kushoto. Meli inayopanda pwani ya mashariki ya Afrika ina bara na machweo kushoto, na ina bahari kuu na mapambazuko kulia. Ikirudi, mambo hugeuka. Katika safari ya kwenda na kurudi kwa njia moja, kila ubavu hupata sehemu yake, na anayekulipisha zaidi kwa ajili ya ubavu anakuuzia jua. Ubavu una maana kwenye safari ya kwenda tu, kwa mfano kutoka Cape Town kupandisha hadi bandari za Afrika Mashariki, na hata hapo mara nyingi meli hupita mbali kiasi kwamba bara huwa ni mstari tu. Kuhusu jua lenyewe, mtu wa Lindi anajua tayari kwamba roshani ya upande wa magharibi saa kumi alasiri haikaliki.

Masharti ya kutumia roshani ni machache na yana sababu. Kuvuta sigara kumepigwa marufuku katika roshani za kampuni nyingi. Tarehe 23 Machi 2006, meli iitwayo Star Princess ilishika moto ikiwa njiani kwenda Jamaika. Moto ulianzia kwenye roshani, wachunguzi wakaona kwamba chanzo kinachowezekana zaidi ni kishungi cha sigara, ukapanda haraka kutoka roshani hadi roshani kupitia vizuizi vya plastiki na samani zake, na abiria mmoja akafariki. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilirekebishwa baada ya hapo ili roshani nazo zihesabiwe katika kinga ya moto. Kwa hiyo mhudumu anapokataza udi na ubani nje, asionekane ana chuki na mila. Alikataza pia kanga ya mama isianikwe kwenye ukingo, na alikuwa na haki, kwani upepo wa meli iliyo mwendoni huchukua nguo ya mtu na kuivika roshani ya jirani. Mlango wa roshani usiachwe wazi wakati mlango wa ujia unafunguliwa, maana hewa hupita kwa nguvu na mlango mzito hujibamiza. Vidole vya watoto ndivyo vinavyolipa.

Asomaye tiketi asidhani pia kwamba kila roshani huona bahari. Tangu mwaka 2009, ilipoanza kusafiri meli ya Oasis of the Seas, zipo meli kubwa zenye roshani zinazotazama ndani, juu ya bustani na maduka yaliyo katikati ya meli yenyewe. Zina uzuri wake na kivuli, lakini aliyetoka Shangani ya Mtwara akiwa anataka kuona maji asije akalipia miti ya kupandwa. Kwa upande mwingine zipo meli ndogo za kitalii, za aina inayoweza kufika mbele ya Kilwa Kisiwani na kushusha wageni kwa boti kwenda kuyaona magofu, ambazo baadhi yake zina roshani kwa kila chumba. Humo suala la kuchagua hupungua sana, kwa kuwa meli ni fupi na mabwawa na kumbi ni chache, ingawa meli ndogo hutikisika zaidi bahari ikichafuka, na bei zake si za mfuko wa mnada mmoja wa korosho.

Je, roshani inastahili gharama yake? Kwa safari fupi ya kisiwa, ambamo kutwa abiria yuko ufukweni na jioni yuko ukumbini, nadhani hapana. Chumba chenye dirisha katikati ya meli, sitaha za chini, kinatosha na hulala vizuri kuliko roshani ya juu iliyo mahali pabaya. Kwa safari yenye siku nyingi za bahari tupu, au kwa mzee asiyeweza kupanda sitaha za juu kila anapotaka hewa, inastahili, mradi mahali pake pamechaguliwa kwa nambari. Vyumba vyetu navipanga hivi: chetu cha katikati kwanza, cha tezi cha pili kwa vijana wasiojali mtetemo, na cha chini ya bwawa cha mwisho, japokuwa ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote vitatu.

Limebaki suala la wakala, na hapa nina manung'uniko. Tulipotaka kutaja nambari za vyumba, alitushawishi tuchukue ile tiketi ya bei ya chini ambayo kampuni huhakikisha daraja tu na kujipangia chumba yenyewe karibu na siku ya kuondoka. Utaratibu huo ni halali na una faida kwa asiyejali mahali. Hata hivyo hakutueleza kwamba anayeuchukua hana haki ya kulalamika akipewa omo au chini ya jiko. Tulilijua hilo kwa kusoma masharti wenyewe. Tulikataa kwa chumba cha mama, na dada akachaguliwa chake kwa sifa za bwawa. Baadaye, wiki chache kabla ya safari, wakala alituma ujumbe wa furaha kwamba chumba chetu kinaweza kupandishwa daraja bila malipo. Kilikuwa kikubwa zaidi, na kilikuwa omo, sitaha ya juu. Tulimjibu kwamba tunashukuru na tunabaki tulipo, akashangaa sana. Mwenye kuagiza, basi, aandike katika ombi lake la kwanza kwamba hataki kupandishwa bila kuulizwa, ataje nambari ya chumba na nyingine mbili za akiba, na asitoe malipo ya awali mpaka nambari hiyo ionekane kwenye risiti pamoja na jina la sitaha. Wakala akisema mfumo wake haumruhusu kuchagua nambari, mawakala wengine wapo, na kampuni nyingi huruhusu abiria kuchagua mwenyewe kwenye tovuti bila kupitia kwa mtu.